Nyuso Zilizobadilika Nkuhungu

Nilirudi Dodoma kwa treni, nimekaa kwenye benchi kama watu. Sivyo nilivyoondoka. Niliondoka kwa miguu nyuma ya msafara wa wafanyabiashara, mtoto wa mwaka wa njaa, nimebeba sufuria ya mtu mwingine kichwani. Niliporudi nilikuwa na viatu, kanzu nyeupe, na bomba la bati ambalo ndani yake nilikunja shahada yangu ya shule ya serikali ya pwani, yenye muhuri wa Wadachi, yaani Wajerumani, na tai wao. Shahada ile sikupewa kwa kuwa mtoto wa fulani. Pale shuleni nilianza kwa kuchota maji ya bweni. Nilisikiliza masomo kutoka dirishani mpaka mwalimu akachoka kunifukuza, akaniingiza. Wenzangu wa pwani walinicheka matamshi. Mtihani ulipofika, kicheko kiliisha.

Nasema haya ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani.

Mkubwa wa wilaya, ambaye sote tulimwita Bwana Shauri, aliitazama shahada yangu pande zote mbili, akanikabidhi shule za serikali za mji na pembezoni mwake. Zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa karibu na stesheni, ya pili Kizota, na ya tatu, changa kuliko zote, Nkuhungu, nyumbani kwa mama yangu mzazi. Alitaka nimweleze ni watoto wa namna gani wanaokaa kwenye mabenchi yake, wanahitaji nini, na kwa nini hawabaki. Hilo la mwisho ndilo lililomkera.

Kazi hiyo ilinifundisha kushuku watu. Anayewaamini wazazi wote hawezi kuendesha shule.

Pale stesheni walisoma watoto wa waungwana wa mji, Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara wakabaki na maduka. Walikuja wakisinzia. Nilidhani ni dharau, kisha nikadhani wamelishwa kitu. Kumbe walikuwa wameamka alfajiri kwenda chuo cha Kurani, na maalimu wao alikuwa akiwashikilia mpaka jua lipande makusudi ili kwangu wafike wamechoka. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sijabadilisha mawazo. Sikugombana naye. Nilisogeza mbele saa ya kuanza, akakosa la kusema. Pamoja nao walikaa watoto wa askari, waliotoka kila pembe ya nchi. Hao Kiswahili chao kilikuwa chepesi na hawakuogopa mtu, lakini kikosi cha baba kikihamishwa, mtoto hutoweka na kibao chetu. Kizota walisoma watoto wa watu waliokuja kulaza reli wakaona ardhi wakalima. Hawa walihitaji chakula kuliko kitu kingine, na nilipata ruhusa wapikiwe uji wa uwele. Mahudhurio yakanyooka siku ileile ya uji. Sijaona mwalimu mwingine aliyefikiria jambo hilo kabla yangu.

Nkuhungu ndiko kulikonishinda kwa muda, na ni Nkuhungu ninakotaka kusimulia.

Jumbe wa huko aliagizwa kila nyumba itoe mtoto mmoja. Akatii bila ubishi, na utii wa haraka ni jambo la kulichunguza. Kila mtoto alipewa na serikali kaniki moja ya kuvaa shuleni. Mimi nilifika siku chache tu za juma, mchana, watoto wakishapumzisha ndama. Sikuita majina, kwa sababu Wagogo wa wakati ule walikuficha jina kama wanavyoficha ng'ombe. Niliita nyumba. "Nyumba ya jumbe!" Sauti ikajibu, "Ipo." "Nyumba ya mlimani!" "Ipo." Vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa, ngozi zote zimepakwa mafuta na udongo mwekundu. Niliwatambua kwa kaniki zao. Hii ina doa, ile imeraruka ukingo, na ya nyumba ya mama yangu mdogo ilikuwa na tundu la moto juu ya bega.

Siku moja Akida aliniita barazani kwake. Alikuwa mtu wa pwani, msimamizi wa majumbe wote na mtumishi wa serikali kwa miaka mingi, na alikuwa na mpwa ambaye alitamani kazi yangu. Alinipa kahawa. Hakuwa na kawaida hiyo.

"Mwalimu," alisema, "wale washenzi wako wa Nkuhungu wanakuchezea."

"Wananichezeaje, Bwana Akida?"

"Watoto wanabadilika. Leo huyu, kesho yule. Wewe unafundisha upepo. Au kule pwani hawakukufundisha kutazama sura?"

"Walinifundisha kutazama za wakubwa pia."

Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Basi tazama vizuri. Bwana Shauri nimekwisha kumwambia. Atakwenda mwenyewe baada ya mavuno. Akikuta watoto si walewale, shule ya Nkuhungu inafungwa, jumbe analazwa chini anakula viboko hamsa ishirini, na wewe... sijui. Labda bweni lenu bado linahitaji mchota maji."

Kahawa sikuimaliza. Nilitoka pale nikiamini mambo mawili. La kwanza, Akida amepanga hila ili mpwa wake akae kwenye kiti changu. La pili, huenda anasema kweli. Moja halikuliondoa lingine.

Kesho yake nilitazama sura. Niliita nyumba ya mama mdogo, ikajibu "Ipo" kutoka ndani ya kaniki yenye tundu la moto. Nikamwendea. Goti lake la kushoto lilikuwa na kovu kubwa la kung'atwa. Nikaliweka moyoni. Siku iliyofuata niliyofika, kaniki ileile, tundu lilelile, na goti laini kama yai.

"Kovu lako limekwenda wapi?" niliuliza.

Mtoto alitazama goti, akanitazama mimi. "Limekwenda kuchunga," alisema.

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilijua nadhihakiwa, ila sikujua na nani.

Kisha kukawa na jambo lililonitia baridi. Niliwapa vibao waandike herufi za juma lililopita. Mtoto wa goti laini, ambaye nilikuwa na hakika hakuwapo juma lililopita, aliziandika zote, wala hakubabaika. Lakini alizigeuza. A ilisimama kwa kichwa, miguu juu. V ilikuwa imekaa kama paa la nyumba ya Kizota. Nikatazama vibao vingine. Wengine waliandika sawasawa, na wengine wengi walizipindua vilevile, kichwa chini, kwa mkono safi kabisa, kana kwamba wote wamefunzwa hivyo na mtu mmoja.

Watu wa elimu hawaamini uchawi, nami ni mtu wa elimu. Lakini nilizaliwa Nkuhungu. Nikawaza kwamba kuna mtu anaipindua kazi yangu ili herufi zisishike, kama vile watu wanavyogeuza chungu mlangoni ili mgeni asirudi. Nikamshuku jumbe.

Nilimkuta zizini mwake akimkagua ndama jicho.

"Mbukwa, jumbe," nilimwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Marahaba, mwalimu," alijibu kwa Kiswahili, kunionyesha kuwa anaona viatu vyangu. "Viatu vyako hufika kabla yako. Ndama wote wamejificha."

"Na watoto je? Nao wamejificha?"

"Watoto si wapo shuleni? Uliita nyumba, nyumba ikaitika. Nyumba gani haikuitika?"

"Nataka mtoto yuleyule kila siku."

"Hukusema hivyo. Serikali ilisema kila nyumba mtoto mmoja. Tunatoa mmoja. Ulikuta wawili siku yoyote?"

"Unanifanya mjinga, jumbe."

"Nani anaweza? Una karatasi ndani ya bati." Akamwachia ndama. "Niambie wewe kwanza. Serikali inataka kujua sura za watoto wetu kwa nini? Aliyetaka kuzijua sura za vijana mara ya mwisho aliwapakia mizigo, wakaenda nayo hadi ziwani. Wengine bado tunawangoja."

Nikamweleza kuhusu ziara ya Bwana Shauri, na kuhusu kiboko. Alitikisa kichwa polepole.

"Mgongo ni wangu," alisema. "Wa watoto siwezi kuutoa."

Basi nikaamua kuifuata ile kaniki. Darasa lilipotoka niliwaacha watoto watangulie, nikafuata tundu la moto kwa mbali katikati ya mabua ya uwele, hadi tembe ya mama mdogo. Ng'ombe walikuwa wanaingia, vumbi limepanda, mwanga bado upo. Mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, alikuwa anakamua. Ndiye peke yake aliyenitambua siku niliyoshuka kwenye treni. Alinitambua kwa masikio, akayavuta mbele ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mzungu wetu. Unanyemelea nyumba ya mamako kama fisi. Kaa, usichafue kanzu."

Nilikaa juu ya gogo, fimbo yangu ya kutembelea kando. Mtoto wa goti laini aliivua kaniki, akaikunja, akaiweka juu ya kigingi. Akatwaa jivu kutoka ukingo wa moto, akalitandaza kwa kiganja. Ng'ambo ya moto alikuja kukaa mtoto wa kovu. Nyuma yake akaja mwingine, mkubwa zaidi, na mwingine mwembamba ambaye baadaye nilijua ni msichana. Yule wa goti laini akaanza kuchora kwa kidole herufi nilizofundisha mchana ule. Alizichora akijielekezea mwenyewe. Wenzake, waliokaa upande wa pili, walizisoma kutoka juu kwenda chini kama zilivyolala machoni mwao, kichwa chini, wakazirudia kwenye jivu la upande wao.

Uchawi wote niliokuwa nimeuona ulikuwa ni watu kukaa pande mbili za moto.

"Wanafanya nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimekwisha kuona.

"Wanakabidhiana," alisema mama mdogo. "Ni zamu. Wewe uliondoka hujachunga, hujui. Hapa nyumba zetu zinachanganya ng'ombe, leo anachunga mtoto wa huyu, kesho wa yule. Anayerudi jioni anamweleza wa kesho. Yule mwekundu anachechemea, kisima kile kimekauka, huko kuna nyuki. Asipoeleza, ng'ombe wakipotea ni kosa lake. Serikali ilipotaka mtoto, wazee walikaa, wakasema hii nayo ni kazi ya kuchunga. Tuipige zamu. Wa kesho atavaa nguo, na wa leo atamweleza."

"Lakini shule si ng'ombe, mama! Mtoto anapaswa kuja kila siku."

"Na ndama wachungwe na nani? Na wewe na viatu vyako?"

Nikamweleza tishio la Bwana Shauri. Nilimwambia dawa ni moja tu: siku ile watoto wote wa zamu waje pamoja, mzungu awaone kwa macho, ajue hakuna udanganyifu. Aliacha kukamua.

"Wote? Mahali pamoja? Mbele ya serikali?" Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nani amewahi kuona ng'ombe wote wa mtu katika zizi moja? Wangu wako hapa, wako kwa shemeji, wako kwa rafiki wa baba yako upande wa jua kuzama. Ugonjwa ukiingia zizi hili, zizi lile linabaki. Watoto ni vivyo hivyo."

"Hao ni ng'ombe."

"Na wewe ulikuwa nini?" Alisema kwa upole, na ndiyo maana nakumbuka kila neno. "Mwaka ule wa njaa unadhani ulitoroka? Baba yako aliwagawa. Mmoja kwa wajomba, mmoja akabaki na mamako, mmoja kwa mfanyabiashara wa msafara, ili tukifa tusife wote. Ulikopeshwa, mwanangu. Sasa umerudi na ndama."

Sikuamini. Kwa miaka yote nilikuwa nimejieleza kwamba niliifuata sufuria ile kwa akili yangu mwenyewe, mtoto jasiri anayejiokoa. Nilimshuku mama mdogo kuwa anataka kunilainisha ili niache jambo langu. Hata leo, nikiulizwa, nasema nilijitengeneza mwenyewe, na shahada ni shahidi. Lakini jioni ile nilisahau kuchukua fimbo yangu, na sikukumbuka mpaka nilipofika mjini.

Bwana Shauri alikuja mavuno yalipokwisha, juu ya nyumbu, na Akida nyuma yake juu ya punda aliyekuwa mfupi kwake. Jumbe alisimama kando ya ukuta wa shule, amejifunga shuka safi, kama mtu anayejua atalazwa. Wanawake walikuwa wameleta maji ya wageni, mama mdogo akiwa miongoni mwao. Niliangalia njia zote. Watoto wa ziada hawakuonekana. Walikuja walewale wa siku zote, mmoja kila nyumba, ndani ya kaniki zao. Nikajua nimekataliwa.

Bwana Shauri akasema mtu yeyote aandike. Akida, bila kungoja, akanyoosha kidole kwenye kaniki yenye tundu la moto. Alikuwa ni yule mwembamba, msichana. Akatwaa kibao, akaandika mstari mzima, safi, wote kichwa chini.

Akida alipiga paja kwa kicheko. "Tazama, Bwana! Ndiyo elimu ya mwalimu wako. Na huyu si yule niliyemwona mwezi uliopita. Naapa!"

Bwana Shauri hakucheka. "Kweli, mwalimu? Watoto wanabadilishwa?"

Ningeweza kukana. Nilimwona jumbe akifumba macho. Lakini mimi si mtu wa kuokolewa na uongo wa kubahatisha. Nilikichukua kibao, nikakizungusha mbele ya macho ya Bwana Shauri, herufi zikasimama wima.

"Kweli wanabadilishwa, Bwana. Huyu hakuwapo darasani siku niliyofundisha mstari huu. Kaufundishwa na nduguye ng'ambo ya moto, ndiyo sababu umepinduka. Serikali imelipa benchi moja na nguo moja, na imepata wanafunzi wanne. Shule gani ya pwani inakupa hivyo? Nimesoma huko. Hakuna."

Nyumbu akatikisa masikio.

"Wanne," alisema Bwana Shauri. "Nionyeshe hao wanne, shule inabaki. Usiponionyesha, umenidanganya pamoja nao."

Jumbe akafumbua macho, akanitazama. "Umetuuza," alisema kwa Kigogo, kwa sauti ya chini.

Nilimgeukia mama mdogo. Aliutua mtungi wake chini. Alimtazama mzungu kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mnunuzi wa ng'ombe, kisha akamtazama Akida, kisha mimi. Nilidhani atageuka aende zake. Badala yake akatia vidole mdomoni, akapiga mbinja, ile ya kuitia ndama.

Nyuma ya ua wa minyaa majani yakatikisika. Akatoka mtoto wa goti laini. Akatoka mtoto wa kovu. Akatoka yule mkubwa. Kisha wanawake wengine wakapiga mbinja, kila mmoja ya kwake, na ua wote ukawa unatoa watoto, wenye udongo mwekundu, wameshika fimbo za kuchungia. Walikuwa wamelala pale tangu asubuhi, tayari kuonyeshwa au tayari kukimbia, kwa amri ya mbinja ya mama zao.

Bwana Shauri aliwaandikisha mchangani, wote. Wengi waliandika wima, wengi kichwa chini, na wote waliandika. Shule ikabaki. Jumbe aliondoka na mgongo mzima, hakunishukuru. Akida alirudi juu ya punda wake akisema watu hawa hawaaminiki hata wakisema kweli. Kaniki ziliongezwa. Amri ikatoka kwamba wote wahudhurie kila siku, jumbe akaitikia upesi sana, na watoto wakaendelea kuja kwa zamu, sasa wawili wawili. Nami sikuwazuia. Niliwafundisha jambo moja tu ambalo hakuna shahada inayolitaja: mkikabidhiana, kaeni upande mmoja wa moto.

Jioni ile ya ziara nilikwenda kuchukua fimbo yangu kwa mama mdogo. Alinipa maziwa ya mgando na ugali wa uwele, nikala huku nimevaa viatu.

"Mama," nilimwambia, "wale uliowatoa uani leo. Ndio wote?"

Aliendelea kufuta kibuyu.

"Wewe si umesoma," alisema. "Kula."

Ndani, nyuma ya vihenge vya uwele, nilisikia mtu mdogo akikohoa, na mwingine akimnyamazisha.